Mheshimiwa Alevuke Kwanza

Mhadhara uliotolewa Kibuye, Kisumu



Kabla ya kuingia humu nimepita kwa mafundi seremala pale sokoni. Nimemkuta mzee akipasua mbao za kitanda, nikamwuliza msumeno hukataje. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. Kisha akaugeuza, akanionyesha meno yake. "Mwalimu, meno yameelekea mbele. Ukisukuma, unakula mbao. Ukivuta, unarudi tu." Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aliyetunga methali hiyo hakuwa fundi. Msumeno una upande wa kukata na upande wa kurudi, na anayeushika ndiye anayejua amesimama upande gani.

Nimeombwa nizungumze juu ya hasira. Hasira yenyewe mnaijua. Wakubwa wetu hushinda Jumamosi matangani, mazishi matatu au manne kwa siku, kila boma na kinywaji chake. Jua likizama barabara za Busia na Bondo hujaa magari makubwa yanayorudi mjini kwa kasi. Gari la GK, yaani la serikali, au la kaunti likigonga mtu wa baiskeli, kabla hata ya kuulizwa kama aliyegongwa anapumua, mtu mmoja katika umati atasema, "Huyo ataachiliwa." Ni utabiri wa mtu aliyeona mvua nyingi. Anayeyajua mawingu hahitaji redio.

Nilifundisha historia na uraia kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu nimepata ugonjwa mmoja: napenda kukaa mahakamani, benchi la nyuma, siku za kesi za trafiki. Ugonjwa huo umenifundisha jambo ambalo sikulijua nilipokuwa nalaumu mahakimu pamoja na kila mtu. Mara nyingi hakimu hufikiwa na kesi ambayo tayari imekufa. Haki dhidi ya mkubwa mlevi hupotea kati ya saa tano ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati hakimu amelala kwake. Nitawaonyesha inavyopotea, na nitatumia hesabu ya darasa la sita tu.

Kiwango ambacho kanuni zetu zilikiweka ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kwa pumzi, ni miligramu 0.35 katika lita moja. Mwili wa mtu huiondoa pombe polepole, kwa wastani kama miligramu 15 za kipimo hicho cha damu kila saa, kwa wengine pungufu, kwa wengine zaidi kidogo. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi kichwani hayaharakishi. Supu ya mbuzi haiharakishi, ingawa najua wapo humu watakaobishana nami kuhusu supu.

Sasa tuchukue mfano. Mheshimiwa anagonga mtu saa tano ya usiku akiwa na miligramu 140. Hiyo inakaribia mara mbili ya kiwango. Askari anafika, anaona namba za gari, anapiga saluti. Mheshimiwa anaumwa kifua. Anapelekwa kupumzika. Wakili wake anapiga simu na kusema mteja atajileta mwenyewe kituoni asubuhi, mtu wa hadhi yake hawezi kutoroka. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi saa 7 zimepita. Zidisha kwa 15, utapata 105. Toa katika 140. Mheshimiwa anafika kituoni amenyoa, amebadilisha shati, ana miligramu 35 katika kipimo cha damu. Akiwekewa kidude cha kupulizia atapuliza hata mara tatu, na tabasamu juu. Hakuna aliyehongwa kwa maana ile tunayoifikiria sisi. Hakuna faili iliyoibwa. Amepewa usiku mmoja tu alevuke.

Kijana wa boda boda je? Yeye akianguka na abiria pale Kondele, akiwa na harufu ya chang'aa, atalala kituoni. Hakuna atakayesema kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kutoroka. Tofauti kati ya hawa wawili haikuandikwa katika sheria yoyote. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na Ibara ya 159 inaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hadhi. Lakini ibara hizo zinasubiri mahakamani. Barabarani usiku anasubiri koplo mwenye familia, anayeogopa kuhamishwa.

Hata hivyo, tusimwekee koplo mzigo wote. Sheria yenyewe ina tundu, na tundu hilo ni kuukuu.

Sheria yetu ya Trafiki ilitungwa 1953 ikaanza kutumika Januari 1954, wakati Waafrika wenye magari Kisumu wangehesabika kwa vidole. Kifungu cha 44 kinamkamata dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Maneno hayo wakoloni waliyatoa kwao: yalikuwamo katika sheria ya Uingereza ya 1930. Yasomeni polepole. Kunywa si kosa. Kuwa na pombe mwilini si kosa. Kosa ni kushindwa kulimudu gari. Nani atathibitisha kwamba ulishindwa kulimudu? Huko Uingereza madaktari wa polisi waliwatembeza washukiwa juu ya mstari wa chaki, wakawatamkisha maneno magumu, na bado wazee wa baraza waliwaachilia, maana nao walikuwa wanywaji wenye magari na kila mmoja alijiona kizimbani. Mwaka 1967 Waingereza walichoka. Waziri wa usafiri, Barbara Castle, akapitisha sheria iliyoweka namba: miligramu 80, kidude cha kupulizia, basi. Mstari wa chaki ukafutwa.

Sisi tulibaki na chaki. Kanuni za kupima pumzi zilitoka 2011, na Desemba 2013 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ikaanza kutumia kidude cha kupulizia kiitwacho Alcoblow. Mnakumbuka kelele zake. Wenye baa walilia, watu wakajifunza kuacha magari vilabuni, na vijana wa boda wakapata kazi ya kuwarudisha walevi nyumbani. Halafu wenye biashara ya vileo wakaenda kortini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni haziwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haina. Sheria mama inasema kushindwa kulimudu gari. Kanuni zilisema namba. Kanuni zikaanguka. Alcoblow ilirejea barabarani baadaye, lakini funzo la 2017 lilibaki, na mawakili wazuri wanalijua kwa moyo. Nami, ingawa uamuzi ule uliniudhi, niliposoma hoja zake niliona majaji wamesema kweli. Kazi ya kuandika namba ndani ya sheria ni ya Bunge. Na Bunge, tukubaliane, limejaa watu wanaotoka matangani jioni.

Nirudi kwenye benchi langu la nyuma. Ilikuwa mahakama ya mji mdogo kando ya ziwa, ambayo sitaitaja. Asubuhi moja walisimama wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki, ndala mguuni, amekubali kosa. Faini shilingi 20,000, akishindwa, miezi mitatu ndani. Mama yake alikuwa amekaa mbele yangu. Akafungua fundo la leso. Nikaziona noti zilivyokunjwa, za mia na za hamsini, zimeshika mafuta ya samaki, na katikati yake sarafu. Alihesabu mara mbili, midomo ikitembea bila sauti. Zilikuwa 6,300. Akazihesabu tena mara ya tatu, kana kwamba zingezaana. Wa pili alikuwa afisa wa ofisi kubwa, kosa ni la ulevi, gari limeharibika, mtu kavunjika mguu. Faini shilingi 50,000. Alikuwa na simu mkononi tangu mwanzo. Kabla karani hajamaliza kuandika, ujumbe wa malipo ulilia. Akatoka akimwambia mwenzake watafute chai. Kijana akateremshwa mahabusu.

Hakimu yule hakuvunja sheria. Ukitazama karatasi, afisa alitozwa zaidi ya mara mbili ya kijana. Kwa kosa la ulevi barabarani sheria inaruhusu faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa hiyo tufanye hesabu nyingine. Mbunge wetu hupokea mshahara wa zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi, kabla ya marupurupu. Kumtoza faini ya juu kabisa ni kumkata mshahara wa siku nne hivi. Mwendeshaji boda anayebaki na 500 baada ya mafuta na deni la pikipiki atahitaji siku 200, asile, asilipe kodi ya nyumba, mtoto asiugue. Adhabu hiyo moja kwa mbunge ni likizo fupi, kwa mtu wa boda ni msimu mzima wa njaa.

Wapo walioliona hili zamani. Finland, tangu 1921, faini kubwa hupimwa kwa siku za kipato: kosa huamua ni siku ngapi, mfuko wako huamua kila siku ni kiasi gani. Mwaka 2002 mkubwa mmoja wa kampuni ya Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa euro 116,000 kwa kuwa aliendesha pikipiki kwa kasi ya kilomita 75 mahali pa 50. Alikata rufaa ikapunguzwa sana, kwa kuwa kipato chake kilikuwa kimeshuka. Hata rufaa yake iliamuliwa kwa kupima mfuko. Sisemi tuige Finland kesho asubuhi. Huko kipato cha mtu kinajulikana. Kwetu hapa hata mke hakijui.

Na kuna hesabu ya tatu, hii inawahusu viongozi peke yao. Katiba, Ibara ya 99, inamzuia mtu kugombea ubunge akiwa chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi. Faini haimzuii. Kwa hiyo kwa mwanasiasa swali la faini au jela linazidi usumbufu: ni swali la kazi yake yote. Akilipa, kesho yuko jukwaani. Hata ajali inapoua, ambapo kifungu cha 46 kinataja kifungo cha hadi miaka 10, Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kutoza faini badala ya kifungo. Mlango uko wazi, na ni wa kulipia.

Tuvuke mpaka kidogo, maana kuna kesi ambayo Waswahili wote wa Afrika Mashariki wanaikumbuka. Andrew Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania, kisha waziri. Aprili 2008 alijiuzulu uwaziri kwa sababu ya kashfa ya ununuzi wa rada, baada ya kuulizwa juu ya zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya nje, akaziita vijisenti. Neno hilo likaingia mitaani, likakaa. Machi 2009, usiku, gari lake liligonga bajaji katika barabara ya Haile Selassie, Dar es Salaam. Wanawake wawili wakafa. Niseme wazi, ili nisimwonee mtu: hakushtakiwa kwa ulevi, alishtakiwa kwa kuendesha kizembe na kwa gari lisilo na bima. Desemba 2010 mahakama ya Kinondoni ilimtia hatiani. Hukumu ilikuwa kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi 700,000 za Tanzania. Alilipa. Alikuwa mbunge wakati wa ajali, alikuwa mbunge wakati wa hukumu, akabaki mbunge hadi 2020. Watu hawakuhitaji kutunga mzaha mpya. Vijisenti walikuwa nao tayari.

Na sisi Wakenya tusijione. Mwaka 1980 pale Mombasa, baharia wa Marekani aliyemuua mwanamke Mkenya aliachiliwa kwa dhamana ya mwenendo mwema ya shilingi 500. Wazee walio humu wanakumbuka nchi ilivyochemka. Haikuwa ajali ya barabarani, lakini hasira ilikuwa ndugu ya hii yetu: uhai umewekewa bei, na bei ni ya dharau.

Sasa niwaudhi kidogo. Mkubwa akigonga mtu, tunauliza kwanza ni wa wapi. Akiwa wa upande mwingine, tunataka anyongwe. Akiwa mtu wetu, ghafla tunagundua kwamba adui zake wanamwandama kisiasa, kwamba marehemu naye alikatiza barabara vibaya, kwamba pombe haikuwa nyingi. Nimewaona watu wakisindikiza kortini mheshimiwa aliyevunja viuno vya watu wao, wakiimba. Wiki hiyo hiyo wanalia kwamba hakuna haki. Mheshimiwa anatujua vizuri kuliko tunavyomjua. Anajua gunia la unga na gari la kubeba jeneza vitainunua familia, na familia ikishanyamaza shahidi hapatikani.

Jambo la pili: moto. Najua kuna mahali hapa mjini ambapo gari la aliyegonga haliponi. Siwahubirii. Nawaambia la fundi tu. Gari ndilo shahidi wa kwanza. Lina chupa chini ya kiti, lina damu kwenye kiti cha dereva au cha abiria, na kiti kilivyosogezwa huonyesha aliyekikalia ana miguu mirefu au mifupi. Hilo la kiti ni kubwa, kwa sababu mkubwa ana dereva wa kuajiriwa, na asubuhi mara nyingi dereva huyo ndiye anayeambiwa kwamba alikuwa akiendesha. Ukilichoma gari, umemfanyia wakili wa mheshimiwa kazi ambayo angelipwa pesa nyingi kuifanya.

Naelewa moto unatoka wapi. Mji huu una kumbukumbu yake ya magari ya wakubwa. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali hii iliyo jirani yetu, tuliyoijengewa na Wasovieti, ndiyo maana mpaka leo tunaiita Russia ingawa imekuwa na majina rasmi kadhaa na sasa ina jina la Jaramogi. Siku iliishia kwa risasi, na msafara uliendelea kufyatua njiani ukitoka mjini. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo watoto. Hakuna mlinzi aliyefikishwa mahakamani. Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo hawezi kuamini kwa urahisi kwamba gari la serikali lina wa kuliuliza.

Lakini angalieni ajabu hii: hospitali hiyo hiyo ndiyo yenye sindano tunayoitafuta. Kutoka hapa Kibuye hadi Russia ni dakika chache kwa boda. Damu ya dereva ikitolewa pale saa sita ya usiku, na saa ikaandikwa juu ya chupa, mheshimiwa anaweza kulala siku mbili na kunyoa mara tano, chupa hailevuki. Kwa hiyo mbunge wenu akija kuomba kura, msimwulize atatoa nini matangani. Mwulizeni kama atapeleka Bungeni mambo mawili: namba iandikwe ndani ya Sheria ya Trafiki yenyewe, wala si kwenye kanuni zinazoangushwa na wakili mmoja, na kila dereva aliyemjeruhi mtu atolewe damu ndani ya saa mbili, awe wa GK, wa kaunti au wa mkokoteni. Akianza kukohoa mtajua.

Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,700. Mimi na nyinyi hatuwezi kusubiri Bunge. Siku mtakapokuwa kando ya barabara na gari la mkubwa limemlaza mtu, wa kwanza amwangalie majeruhi. Wa pili atazame saa, aiandike, hata kwenye kiganja. Aandike namba za gari, na nani alishuka kwenye mlango wa dereva. Ajali iliripotiwa saa ngapi, askari alifika saa ngapi, aliondoka na nani kuelekea wapi. Nendeni kituoni mkaombe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, usiku huo huo, msingoje asubuhi. Mkinyimwa, IPOA ipo tangu 2011 kwa ajili ya malalamiko dhidi ya polisi. Na kesi ikipangiwa tarehe, njooni mahakamani. Kesi za trafiki husikizwa hadharani na benchi la nyuma halilipiwi. Mimi huwa nimekaa hapo kuanzia saa tatu asubuhi, na nafasi ipo.